Faili lililofika na baiti tatu

SAMAKI.DBF lilikuwa na baiti 147,202 kwenye kompyuta ya mzee. Kwangu lilifika na baiti tatu. Mwenzake SAMAKI.DBT, la baiti 655,360, lilifika na 930. Mafaili mengine mawili niliyoyapitisha asubuhi hiyohiyo, kwa waya uleule na amri ileile, yalipungukiwa na baiti moja moja tu, na yakafunguka bila shida. Waya mbovu hauchagui namna hiyo. Hapo ndipo kisa hiki kilipoacha kuwa kazi ya nusu siku.

Mzee mwenyewe alikuwa bwana samaki. Kwa miaka alizunguka pwani ya Tanga, kutoka Moa hadi Kipumbwi, na kila alipofika aliuliza majina: samaki huyu mnamwitaje, akiwa mdogo mnamwitaje, anashika wakati gani, maji ya bamvua au maji mafu, kwa mshipi au kwa dema. Majibu aliyaingiza kwenye dBase III Plus, programu ya kutunzia majedwali ya taarifa, katika kompyuta ya 386SX iliyonunuliwa kwenye mnada wa ofisi moja. Jedwali la samaki lina mistari 1,312. Mara ya mwisho kuliongezea kitu ilikuwa Novemba 1994, kisha akahamishwa kituo, na kompyuta ikabaki ya kutazamia tu na kuchapishia barua. Sasa mjukuu wake anasomea mambo ya bahari, na babu ameamka upya. Alichotaka alikitamka waziwazi siku ya kwanza: "Mwanangu, mie siandiki kwenye hiyo ya kukunja. Nataka niandike humuhumu, ila na huyu mtoto apate."

Kwa hiyo haikuwa kuokoa mara moja na kuondoka. Vitu vilitakiwa vitoke kwenye 386, na vingine virudi.

Njia ambayo kila mtu angeitaja kwanza ni kuchomoa diski na kuichomeka kwenye adapta ya USB. Niliikataa, na bado naona nilifanya vyema. Diski ile ni ya megabaiti 40, ya kizazi cha mwanzo cha IDE. Nyingi za namna hiyo zinajua kuhesabu kwa silinda, vichwa na sekta peke yake, wakati adapta za siku hizi huomba sekta kwa namba moja mfululizo. Mara nyingi hazielewani kabisa. Zaidi ya hapo, diski ya umri ule ikizimwa, vichwa vyaweza kunata kwenye sahani na isizunguke tena. Betri ya ubao mkuu nayo ilishakufa, kila ikiwashwa mashine inaamini ni tarehe 1 Januari 1980 na haikumbuki ina diski gani. Mzee alibandika karatasi juu ya kasha, kwa kalamu nyekundu: TYPE 17. Maana yake silinda 977, vichwa 5, sekta 17. Bila karatasi ile tungekuwa tunabahatisha. (Betri yenyewe, ile ya mapipa madogo iliyochomelewa, ilikuwa imeanza kutoa majimaji ya kijani. Tuliikata kwanza kabla ya lolote.)

Flopi hazikufaa pia. Hewa ya Tanga haina huruma nazo, zimeota ukungu, na kuisukuma moja ndani ya draivu ni kuichafua draivu yenyewe.

Ikabaki COM1, tundu la siriali. Kwenye laptopu nilikuwa na kigeuzi cha USB kwenda siriali, na waya wa kuvuka niliochomelea mwenyewe, nyuzi tatu: kutuma, kupokea, ardhi. DOS, mfumo wa kompyuta ya mzee, ikagoma papo hapo, "Write fault error writing device COM1". Sababu ni kwamba BIOS, programu ya msingi ya ubao mkuu, kabla ya kutuma baiti moja, husubiri upande wa pili useme kuwa upo na uko tayari, kupitia pini ambazo waya wangu haukuwa nazo. Nikaunganisha pini 7 na 8, kisha 4 na 6, upande wa 386, mashine ikajiitikia yenyewe na kutulia. Laptopu yangu ni ya Linux, hivyo niliandika `stty -F /dev/ttyUSB0 9600 raw`, na neno `raw` hapo si pambo, maana bila hilo Linux yenyewe ingeanza kugeuza alama za mwisho wa mstari. Kisha `cat` ikapokea kwenye faili. Upande wa mzee:

MODE COM1:9600,N,8,1,P
COPY VYOMBO.DBF COM1

Likaja. Nikalifungua kwenye LibreOffice, ngalawa, mashua, dau, mtepe, vyote vimepangika. PEPO.DBF nalo likaja, kusi na kaskazi na matlai mahali pake. Nikapitisha SAMAKI.DBT, ambalo ndilo lenye maelezo marefu, na kabla hata ya kutazama ukubwa nikalichungulia ndani: maelezo ya changu doa, neno kwa neno kama yalivyo kwenye skrini ya mzee. Nikamwambia imeingia. Akampigia mjukuu simu.

Kosa langu ni hilo. Nilisoma maelezo ya kwanza nikadhani nimesoma faili.

Nilipolipitisha SAMAKI.DBF likafika na baiti tatu, nilifanya alichofanya kila mtu tangu siriali zianze: nikabadilisha waya, nikapunguza kasi hadi 2400, nikachomeka kwenye tundu jingine la USB. Baiti tatu. Zilezile. Nikazichapa kwa mfumo wa heksa, wa kuhesabu kwa kumi na sita: 83 5E 0B.

Hapo ni lazima kujua dBase huanzaje mafaili yake. Baiti ya kwanza inataja aina. 83 ni jedwali la dBase III lenye maelezo ya pembeni. Tatu zinazofuata ni tarehe ya mabadiliko ya mwisho: mwaka, mwezi, siku. 5E ni 94. 0B ni 11. Baiti iliyotakiwa kuja ya nne ni siku. Nikarudi kwenye DIR, orodha ya mafaili ya mzee: SAMAKI.DBF, 11-26-94. Tarehe 26. Na 26 kwa heksa ni 1A, alama ambayo mkongwe yeyote wa DOS anaijua kwa jina la Ctrl-Z.

Asili yake ni CP/M, mfumo uliotangulia DOS. CP/M haikuweka ukubwa wa faili kwa baiti, ilihesabu mafungu ya baiti 128. Maandishi yakiisha katikati ya fungu, lazima kitu kiseme "mwisho ni hapa", na kitu hicho kilikuwa alama ya 26. DOS ilianza kuhesabu baiti kamili, ila desturi ikaibeba. Ukimwambia COPY anakili faili kwenda faili, hajali alama hiyo. Ukimwambia anakili kwenda kifaa, kama printa au COM1, anachukulia kuwa unatuma maandishi, na akikutana na 26 anafunga mkono. Mzee aliifunga kazi yake tarehe 26 ya mwezi, na COPY ikasoma tarehe hiyo kama amri ya kuacha. Angefunga tarehe 25, faili lingefika zima kasoro baiti moja, nami nisingejua lolote.

Baiti moja hiyo ndiyo iliyokosekana kwenye VYOMBO na PEPO. dBase yenyewe ilizaliwa enzi za CP/M, na hufunga kila jedwali kwa alama ya 26. Hesabu ya SAMAKI.DBF inakubali: kichwa cha baiti 257, mistari 1,312 ya baiti 112 kila mmoja, na 26 moja ya mwisho. Jumla 147,202. LibreOffice haikuikosa baiti ile kwa sababu inahesabu mistari kwa namba iliyoandikwa kichwani.

Na lile DBT? Faili la maelezo la dBase III limegawanywa vipande vya baiti 512. Kipande cha kwanza ni kichwa, maelezo yanaanza cha pili, na kila maelezo yanafungwa kwa alama mbili za 26 zilizofuatana. Ondoa 512 kwenye 930, zinabaki 418: urefu wa maelezo ya changu doa, samaki wa kwanza. COPY iliishia hapo. Kilichonifurahisha ndicho hasa kitu kimoja pekee kilichokuwa na hakika ya kufika.

Dawa ni herufi moja, `COPY /B`. Hata hivyo sikuridhika nayo peke yake. COPY haipeleki jina la faili, haipeleki tarehe yake, wala haina namna ya kukwambia kuwa kilichofika ndicho kilichotoka, na baada ya asubuhi ile sikutaka tena kuamini macho. Kwa bahati kwenye C:\UTIL palikuwa na PKZIP 2.04g ya 1993, programu ya kufunga mafaili mengi kuwa faili moja la ZIP. Nikalifunga folda zima la BAHARI. ZIP inabeba majina, tarehe, na kwa kila faili hesabu ya CRC ya biti 32, ya kukagulia kama kuna baiti iliyobadilika. Kilobaiti 412 kwa kasi ya 9600 zilichukua dakika saba na kitu. Kwenye laptopu, `unzip -t` ilipita kila faili bila kosa. Nakala hiyo niliifanya ya kusomwa tu na haijaguswa hadi leo. Mzee nilimwomba asilifungue jedwali kwa kuandika hadi wakati huo, kwa sababu saa ya mashine ilikuwa ikisema 1980, na dBase ingeandika tarehe hiyo juu ya ile ya 1994.

Mtu anaweza kusema kazi ilikwisha. Kama haja ingekuwa kuokoa tu, naam. Lakini diski ilikuwa na megabaiti 31 zilizojaa, barua, dBase yenyewe na mipangilio yake ya printa, na kwa 9600 hizo ni karibu saa tisa bila umeme kukatika. Kisha kuna vile vya kurudi.

Nyuma ya 386 palikuwa na kadi ya mtandao, aina ya NE2000, yenye tundu la BNC peke yake. Ofisi ile ya zamani ilifungwa mtandao wa kebo nyembamba: waya mmoja wa koaksi unaopita mashine hadi mashine, mita 185 zisipitwe, na kila mwisho una kizibo cha ohmu 50. Ili kadi ifanye kazi nilihitaji draiva yake na programu za mTCP za Michael Brutman, ambazo zinaipa DOS FTP (ya kuhamishia mafaili) na ping (ya kujaribu kama upande wa pili unajibu) za kisasa. Zote pamoja hazikufika kilobaiti 150. Swali ni kuziingiza vipi kwenye mashine isiyo na flopi. DOS 6 ina programu ya INTERSVR, inayoweza kujinakili yenyewe kupitia siriali. Ya mzee ni DOS 5. Lakini DOS 5 ndiyo iliyoleta QBasic, lugha ya kuandikia programu, na hiyo inatosha:

OPEN "COM1:2400,N,8,1,CS0,DS0,CD0" FOR INPUT AS #1
OPEN "C:\NE2000.COM" FOR BINARY AS #2
DO
LINE INPUT #1, A$
IF A$ = "MWISHO" THEN EXIT DO
FOR I = 1 TO LEN(A$) STEP 2
B$ = CHR$(VAL("&H" + MID$(A$, I, 2)))
PUT #2, , B$
NEXT
LOOP
CLOSE

Upande wa laptopu faili linageuzwa kuwa heksa kwa `xxd -p`, na miisho ya mistari inageuzwa na `tr '\n' '\r'`, kwani QBasic husubiri alama ya CR kumaliza mstari. Baiti yoyote, hata 26, inasafiri kama herufi mbili za kawaida, 1 na A, na hakuna wa kuizuia. Ni polepole, kila baiti inalipiwa nauli mara mbili. Programu zote zilichukua dakika ishirini na kidogo. Mzee alikaa akitazama taa ya diski ikipepesa, akaniuliza kama inakula.

Waya sasa. Laptopu haina BNC wala haitakuwa nayo, kwa hiyo nilitafuta habu ya zamani ya megabiti 10, yenye matundu manane ya RJ45 na moja la BNC. Ilipatikana Kariakoo chini ya meza ya fundi mmoja, pamoja na viungo viwili vya umbo la T na vizibo viwili. Kebo niliinunua Tanga, na nikauziwa ya antena ya televisheni. Kwa macho zinafanana. Ya televisheni ni ohmu 75, ya mtandao ule ni RG-58, ohmu 50, na mawimbi yakifika mahali ohmu zinapobadilika baadhi hurudi nyuma na kugongana na yanayokuja. Kwa kipande cha mita tatu ingeweza hata kufanya kazi leo na kukataa kesho, na hilo ndilo baya zaidi. Niliirudisha. Ukishapata kebo halali kuna kipimo cha fundi ambacho hakidanganyi: mashine zikiwa zimezimwa, pima ukinzani kwenye kiungo chochote. Vizibo viwili vya 50 vikiwa sambamba vinatoa 25. Ukipata 50, kimoja hakigusi. Nilipata 25 na ushei.

Nikapakia draiva, ikaonyesha namba ya kadi vizuri, biti 48 zote. Ping haikujibu.

Hapa ndipo ilinipotea jioni nzima, na sababu ni ya aibu. Kadi ilikuwa imewekwa anwani 300 na IRQ 3 (laini ambayo kifaa huitia prosesa), kama zilivyotoka nyingi kiwandani. COM2, tundu la pili la siriali, pia hutumia IRQ 3. Kusoma namba ya kadi hakuhitaji IRQ, draiva inaisoma moja kwa moja, ndiyo maana kila kitu kilionekana hai. Pakiti ikiingia, kadi inapiga kengele ambayo mwenzake ameikalia. Nilihamisha jampa kwenda IRQ 5, nikaandika `NE2000 0x60 5 0x300`, na ping ya kwanza ikarudi.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sikutumia kushiriki mafolda kwa Windows, "kama kawaida". Laptopu ya mjukuu ni Windows 10, na tangu toleo la 1709 la mwaka 2017 itifaki ya zamani ya kushiriki mafolda, SMB1, haiwekwi tena kwa kawaida. Kuirudisha ni kufungua mlango uliofungwa kwa sababu nzuri. Na programu ya mtandao ya Microsoft kwa DOS inakula sehemu kubwa ya zile kilobaiti 640 ambazo dBase inazihitaji. FTP ni nyepesi na haijabadilika. Inapeleka pasiwedi wazi, kwa hiyo Wi-Fi ya laptopu inazimwa na habu haiunganishwi na kitu kingine chochote.

Neno la kwanza nililoandika baada ya kuingia lilikuwa `bin`. FTP inayo hali mbili zinazotumika zaidi, ya maandishi na ya baiti tupu, na ile ya maandishi ingenirudisha kwenye kisa kilekile kwa jina jingine. Diski yote ilifungwa kwa mafungu ya ZIP ikapita kwa muda wa kama dakika saba, ule uliohitajika kwa kilobaiti 412 za siriali.

Kilichorudi ndicho kilichonipiga kofi la mwisho. Mjukuu aliandaa majina mapya 40 kwenye MPYA.TXT, yakitenganishwa kwa mkato, ili babu ayaingize kwa APPEND FROM MPYA.TXT DELIMITED. Nikajua hili ni faili la maandishi, nikaweka `ascii` kwa makusudi ili miisho ya mistari ya Linux (LF) igeuzwe kuwa ya DOS (CR na LF) njiani. dBase ikayasoma yote 40 kama mstari mmoja. Seva yangu ya FTP ni programu ya vsftpd, na hiyo, isipoambiwa vinginevyo, hukubali ombi la hali ya maandishi kwa adabu zote kisha hailitekelezi. Nikarudi kwenye `bin` kwa kila kitu na kupitisha maandishi kwenye `unix2dos` kabla hayajatoka. Sasa yapo mafaili mawili ya amri za DOS (BAT), PELEKA na LETA, na mjukuu anayaendesha mwenyewe kila Jumamosi. La kwanza linaanza kwa kuuliza tarehe, kwa ajili ya ile saa.

Upande wa kusoma ulibaki na doa moja. Maelezo ya mzee, yakifunguliwa kwenye laptopu, yana ì kila baada ya maneno machache: "hupatikana kwenye miamba ì na huvuliwa zaidi wakati wa ì kusi". Ni pale dBase ilipokata mstari yenyewe ili uenee kwenye skrini. Huandika 8D badala ya 0D ili ijue kuwa mkato ni wake, si wa mwandishi, na 8D katika herufi za DOS ni ì. Kwenye nakala ya mjukuu tumezigeuza kuwa nafasi. Zile alizokata mzee mwenyewe kwa kubonyeza Enter zimebaki, na amezikagua moja moja, akafika changu njana akakuta kosa lake la 1992, akarudi kwenye 386 kulisahihisha.

Flopi zimo kwenye kopo la biskuti, 32, na anasema nne kati yake zina majina ya Pangani ambayo hakuwahi kuyahamishia kwenye diski. Draivu ya kuchafua bado tunaitafuta.